Gari la Manuali Halipigi Stata Ukikanyaga Klachi: Mwongozo Kamili wa Kupima Swichi ya Pedali

Umekanyaga klachi, umezungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka vizuri, lakini chini ya boneti kimya. Hata mlio mmoja hakuna. Wengi hapa Nairobi huanza kwa kununua betri, wakafuatisha stata, na pesa zikishaisha ndipo fundi anapokata nyaya mbili zilizo juu ya pedali na kuzisokota pamoja. Gari linawaka, kila mtu anafurahi, na kuanzia siku hiyo linaweza kuruka mbele mtu akigusa ufunguo gia ikiwa ndani.

Swichi ya pedali ya klachi ni kidude cha plastiki chenye nyaya mbili. Pedali ikifika chini inabonyeza pini yake, njia ya umeme inaunganika, rilei ya stata (swichi ya umeme inayopeleka nguvu kwenye stata) inawaka. Mara nyingi swichi ni nzima kabisa: shida ni kwamba pedali haiifikii, au umeme hauifikii. Fuata hatua kwa mpangilio, na usinunue swichi kabla ya kufika hatua ya 8.

## Utakachohitaji

- Multimita ya dijitali ya kawaida, yenye kipimo cha volti 20 DC, ohmu, na mlio wa kuonyesha njia imeungana.
- Tochi ya kuvaa kichwani. Utalala chali chini ya usukani na mikono yote miwili itakuwa na kazi.
- Spana za 10, 12 na 14. Nati za swichi nyingi ni 12 au 14.
- Bisibisi ya nyota na bapa.
- Waya wa jampa, wa kuunganisha terminali mbili kwa muda: kipande cha sentimita 20 chenye unene wa milimita 1.5 za mraba, na fyuzi ya ampea 15 katikati. Usiache fyuzi hiyo.
- Sprei ya kusafishia terminali za umeme. Petroli na mafuta ya taa hapana.
- Mawe mawili ya kuzuia magurudumu.
- Mtu wa pili wa kuzungusha ufunguo.

## Kabla hujagusa kitu

Egesha mahali tambarare, vuta handibreki, zuia magurudumu, weka gia nyutro na uitikise kijiti kushoto na kulia uhakikishe iko huru. Rudia kuangalia nyutro kila mara kabla ya mwenzako kugusa ufunguo. Utakuwa unapita pembeni mwa kinga ambayo kazi yake ni kuzuia gari kuruka, na mtu aliyelala nusu nje ya mlango ndiye wa kwanza kuumia.

Kama gari lina mfuko wa hewa wa magoti na unahitaji kufungua paneli ya chini ya usukani, zima gari, toa terminali ya negativu ya betri, kisha ngoja angalau dakika tatu kabla ya kuigusa paneli. Ukishaiondoa, rudisha betri kwa ajili ya vipimo.

## Hatua ya 1: Ondoa betri na stata kwenye orodha ya washukiwa

Pima betri gari likiwa limezimwa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12.0 acha kila kitu, chaji kwanza, maana vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Sasa washa taa kubwa, kanyaga klachi mpaka mwisho, zungusha ufunguo hadi stata. Sikiliza na utazame:

- Taa zinafifia sana au unasikia mlio wa haraka tk-tk-tk-tk: betri dhaifu au terminali zimelegea. Swichi haina kosa.
- Mlio mmoja mzito upande wa injini, kisha kimya: umeme umefika kwenye stata. Tafuta kosa huko, kwenye waya mnene au brashi za stata.
- Mlio mdogo tu kwenye sanduku la fyuzi, stata kimya: rilei imebonyea, kwa hiyo swichi ya klachi imefanya kazi yake. Kosa liko kati ya rilei na stata.
- Taa hazibadiliki na hakuna mlio popote: uko mahali sahihi. Endelea.

Tazama pia taa ndogo ya ufunguo kwenye dashibodi. Ikimetameta haraka wakati wa kuwasha, huenda kompyuta haiutambui ufunguo, na hiyo ni kesi nyingine.

Wengi huruka hatua hii kwa sababu haihitaji kulala chini. Hiyo ndiyo maana unakuta gari lina stata mpya na bado linasukumwa.

## Hatua ya 2: Toa kapeti

Hili si mzaha. Kapeti nene za tabaka mbili zinazouzwa kila kona ya mji, hasa zikiwekwa juu ya kapeti ya asili, zinakula sentimita nzima au zaidi ya safari ya pedali. Swichi nyingi huungana katika sehemu ya mwisho kabisa ya safari hiyo. Pedali ikikwama kwenye kapeti, pini haiguswi.

Toa kapeti zote upande wa dereva, kanyaga tena, zungusha ufunguo. Likiwaka, kazi imeisha: kata kapeti eneo la pedali au rudisha moja tu, iliyobanwa isisogee mbele.

Kapeti ikiwa na maji, kumbuka hilo. Mvua za Aprili na Novemba, kioo cha mbele kinachovuja, au vijana wa kuosha magari wenye pampu ya nguvu, vyote hupeleka unyevu kwenye plagi zilizo nyuma ya pedali.

Ukiwa hapo, sikilizia klachi yenyewe. Ikianguka chini bila ugumu wowote, ikibaki sakafuni, au ukikuta mafuta yanatiririka kutoka juu ya pedali, masta silinda (pampu ya mafuta ya klachi) imechoka. Itengeneze kwanza. Klachi isiyoachia vizuri hata swichi mpya haitaisaidia.

## Hatua ya 3: Tafuta swichi iliyo sahihi

Ingiza kichwa chini ya dashibodi, ufuate mkono wa pedali ya klachi kwenda juu. Magari mengi yana swichi mbili hapo, na hapa ndipo watu wengi hupotea.

Moja inaguswa wakati pedali imepumzika juu. Hiyo mara nyingi ni ya kukata mwendo wa kujiendesha (cruise control) au ya kuiarifu kompyuta kwamba mguu umegusa klachi. Nyingine iko upande wa mbele, kuelekea ukuta wa injini, na inaguswa pedali ikifika chini. Hii ndiyo ya stata.

Kanyaga pedali kwa mkono taratibu huku ukimulika. Pini inayoingia ndani mwishoni mwa safari ndiyo unayoitafuta. Weka alama ya rangi au kipande cha selotepu kwenye plagi yake.

Magari ya zamani, malori madogo na baadhi ya magari ya biashara hayana swichi hii kabisa. Kama gari lilikuwa likiwaka bila kukanyaga klachi tangu ulinunue, aidha halina, au mtu alishaiunganisha moja kwa moja. Chomoa plagi uangalie: kipande cha waya kilichopindwa kama herufi U, au nyaya mbili zilizosokotwa na kufungwa tepu, ni kazi ya fundi aliyepita.

## Hatua ya 4: Jaribio la kidole, na kipande cha mpira kilichopotea

Hakikisha nyutro. Lala chini, bonyeza pini ya swichi kwa kidole mpaka mwisho, mwenzako azungushe ufunguo bila kukanyaga chochote. Ondoa nywele, shingo ya shati na kamba za jaketi karibu na pedali.

Stata ikipiga, swichi ni nzima na umeme upo. Pedali ndiyo haiifikii pini, na kama kapeti umeshaitoa, sababu karibu kila mara ni hii: mkono wa pedali una tundu dogo, na ndani ya tundu hilo hukaa kizibo cha mpira au plastiki kinachogonga pini. Miaka ikipita, kwenye magari mengi ya Kijapani na Kikorea, kizibo hicho hukauka na kuvunjika vipande. Pini inapita katikati ya tundu kana kwamba hakuna kitu mbele yake.

Pangusa sakafu chini ya pedali. Ukikuta makombo ya plastiki ya rangi ya maziwa, buluu au kahawia, yanayosagika ukiyabana kwa vidole, umepata jibu. Wengi wamekwisha kuyafagia wakidhani ni uchafu wa viatu.

Dawa ya muda: boliti fupi yenye kichwa bapa na nati yake, inayoingia kwenye tundu bila kucheza. Kichwa kiwe upande wa swichi, nati ikazwe nyuma. Inakufikisha nyumbani na hata miezi mingi mbele. Lakini chuma kinagonga pini kwa ukali, kwa hiyo tafuta kizibo halisi. Mara nyingi kizibo cha pedali ya breki ya gari hilohilo kinafanana. Chukua viwili, kwa sababu cha breki kikivunjika taa za nyuma zitawaka usiku kucha na betri itakufa.

Stata isipopiga hata kwa kidole, nenda hatua ya 5.

## Hatua ya 5: Pima swichi

Zima gari. Chomoa plagi kwa kubonyeza kishikio chake, usivute nyaya. Weka multimita kwenye mlio, gusa terminali mbili za swichi.

Pini ikiwa nje: kimya. Pini ikibonyezwa: mlio, na ukigeuza kwenye ohmu usome chini ya 1. Bonyeza na kuachia mara ishirini, na kila mara isukume pini kidogo kando. Swichi iliyochakaa hulia mara kumi na tano na kunyamaza mara tano. Hiyo ndiyo tabia ya gari linalowaka asubuhi na kugoma likiwa kwenye foleni ya Mombasa Road.

Ukisoma ohmu 20, 50 au namba inayorukaruka, viunganishi vya ndani vimeungua. Unaweza kupuliza sprei pembeni mwa pini na kuibonyeza mara nyingi, ikapona kwa wiki kadhaa. Usiitegemee.

Swichi yenye terminali nne ina njia mbili ndani yake. Tafuta jozi inayobadilika ukibonyeza pini, na uiandike kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Pima umeme kwenye plagi

Kama swichi imepita, sasa uliza nyaya. Plagi ikiwa imechomolewa stata haiwezi kupiga, kwa hiyo hatua hii ni salama kuliko inavyoonekana.

Kwanza kagua kwa macho. Kutu ya kijani, terminali iliyorudi nyuma ndani ya plagi, au plastiki iliyoyeyuka. Puliza sprei, kausha. Terminali iliyopanuka ibane kidogo kwa ncha ya bisibisi ndogo.

Kipimo A: multimita kwenye volti 20, waya mweusi kwenye chuma tupu cha bodi. Mwenzako ashikilie ufunguo kwenye stata, wewe gusa terminali moja kisha ya pili. Moja lazima ionyeshe karibu volti za betri.

Kipimo B: ufunguo umezimwa, multimita kwenye ohmu. Pima kutoka ile terminali nyingine hadi bodi.

Sasa soma majibu:

- A ina volti, B inasoma hapo karibu ohmu 60 hadi 120: swichi inapeleka umeme kwenye koili ya rilei. Njia ni nzima.
- A ina volti, B inasoma chini ya 1: swichi inakamilisha upande wa athi (upande wa negativu, unaorudi kwenye bodi), au ni gari la zamani linalopeleka umeme moja kwa moja kwenye stata. Nayo ni sawa.
- A haina volti kwenye terminali zote mbili: umeme hauji. Angalia fyuzi, swichi ya ufunguo, na hatua ya 7.
- A ina volti, B haina njia kabisa: waya umekatika mbele, rilei imekufa au haipo, au athi imeachia.

Fyuzi usiitazame kwa macho tu. Ipime kwa mlio. Kwenye Toyota nyingi tafuta zilizoandikwa AM2 na ST. Rudisha thamani ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Ikiungua tena mara moja, kuna waya unaogusa bodi, na fyuzi kubwa zaidi itageuza tatizo kuwa moto.

Rilei ni rahisi: badilishana na nyingine inayofanana sandukuni, kwa mfano ya honi, mradi idadi ya miguu na mchoro ulio ubavuni vilingane.

Magari yanayowashwa kwa kitufe yanatofautiana. Terminali inaweza kuwa na volti muda wote gari likiwa ON, kwa sababu swichi inapeleka habari tu kwa kompyuta. Hapo usichomeke jampa kwa kubahatisha; mashine ya kusoma kompyuta ya gari inaonyesha kama habari ya klachi inabadilika pedali ikikanyagwa.

## Hatua ya 7: Katauti, alamu na traka

Magari mengi ya Nairobi yamepitia mikono ya fundi wa alamu. Katauti (swichi ya siri ya kuzuia wizi), alamu, na traka (kifaa cha kufuatilia gari) ya mkopo au ya bima: vingi huwekwa kwa kukata waya wa stata na kupitisha umeme kwenye rilei nyingine iliyofichwa chini ya usukani. Miaka mitano baadaye traka imekatiwa huduma, rilei imejaa vumbi, na mwenye gari wa sasa hajui hata kama ipo.

Fuata nyaya zinazotoka kwenye swichi ya ufunguo. Unatafuta tepu nyeusi isiyo ya kiwandani, nyaya za rangi moja zilizosokotwa kwa mkono, kisanduku kidogo kilichofungwa kwa tai ya plastiki, au kitufe kidogo chini ya kiti au nyuma ya sanduku la glavu.

Ukikuta rilei ya nyongeza, pima volti kwenye waya unaoingia na unaotoka, ufunguo ukiwa kwenye stata. Zikiingia 12 na kutoka 0, umempata mwizi. Traka ambayo bado ni ya benki au bima usiikate, waite walioiweka. Nyingine zote, unganisha waya wa asili kwa kuchomelea risasi na kuvika mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota na tepu kutakurudisha chini ya usukani mvua ijayo.

## Hatua ya 8: Jampa ya kuthibitisha, kisha kununua

Kwa gari la ufunguo tu, ambapo swichi imefeli hatua ya 5 na plagi imepita hatua ya 6: nyutro, handibreki, chomeka jampa yenye fyuzi kati ya terminali mbili za plagi. Mwenzako azungushe ufunguo. Stata ikipiga, una haki ya kununua swichi. Toa jampa saa hiyohiyo.

Nenda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road au Grogan, Nairobi, na swichi ya zamani mkononi. Picha ya simu haitoshi. Linganisha umbo la plagi, unene wa uzi wa skrubu, urefu wa pini, na idadi ya terminali.

Halafu ipime papo hapo kaunta. Swichi ya taa za breki inafanana sana na hii, inaingia kwenye tundu lilelile, na muuzaji atakuapia ni yenyewe. Ndani inafanya kinyume: inaungana pini ikiwa nje. Ukiifunga, gari litapiga stata bila mguu na kugoma ukikanyaga. Unayotaka iwe kimya pini ikiwa nje, ilie ikibonyezwa. Muuzaji akikataa upime, duka linalofuata liko hatua tano.

## Hatua ya 9: Kufunga na kurekebisha

Kabla ya kutoa ya zamani, hesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana nje ya nati na uziandike. Legeza nati ya kukazia, zungusha swichi nje, ingiza mpya kwa idadi ileile. Kaza kwa upole. Mwili ni plastiki.

Urekebishaji una mipaka miwili. Swichi ikiungana mapema mno, stata itapiga kabla klachi haijaachia, na kinga haina maana. Ikikaa karibu mno na pedali, itageuka kuwa kizuizi cha pedali na kupasuka kwa nguvu ya mguu. Pedali isimamishwe na kizuizi chake cha chuma au mpira. Kati ya mwili wa swichi na pedali iliyofika mwisho ibaki nafasi ndogo ya milimita moja hivi, isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine.

Jaribu hivi, gia nyutro. Kanyaga nusu, zungusha ufunguo: kimya. Usikanyage kabisa: kimya. Kanyaga mpaka mwisho: stata inapiga mara moja. Rudia mara kumi, tano kati ya hizo ukisukuma pedali kidogo kushoto na kulia, kisha umwite mtu mwenye miguu mifupi kuliko yako ajaribu akiwa amekaa anavyokaa yeye. Ikigoma kwake tu, swichi inataka nusu mzunguko kuelekea kwenye pedali.

Mwisho kabisa, gari likiwa halijawashwa, weka gia ya kwanza, kanyaga klachi mpaka mwisho na handibreki ikiwa juu, pasipo mtu mbele. Piga stata. Gari lisisogee hata kidogo. Likivuta, rudi kwenye klachi, kwa sababu swichi sasa iko sawa.

## Ukikwama barabarani kabla ya kutengeneza

Swichi hii inazuia stata peke yake. Injini haina habari nayo. Kwa hiyo gari la manuali lenye betri nzuri linawaka kwa kusukumwa. Ondoka kwanza kwenye njia ya magari. Kwenye Thika Road hiyo ni kazi ya kuingia njia ya pembeni, taa za dharura zikiwa zimewashwa.

Weka ufunguo ON ili usukani usijifunge. Gia ya pili, klachi chini. Watu wawili au watatu wasukume mpaka kasi ya mtu anayekimbia, achia klachi kwa haraka, injini ikishika ikanyage tena papo hapo. Breki na usukani vitakuwa vizito mpaka injini iwake, kwa hiyo usijaribu kwenye mteremko unaoishia kwenye makutano.

Ukiwa peke yako, rudi kwenye jaribio la kidole la hatua ya 4: nyutro, handibreki, mkono mmoja kwenye pini, mwingine kwenye ufunguo.